Rafiki wa Msimu

Ujumbe wa Jumapili iliyopita, ibada ya pili. Mhubiri: Mchungaji Msaidizi. Somo: Ayubu 6:14–23



Waliokuwa ibadani watanivumilia nikirudia. Mahali pengine nitaongeza, kwa sababu mzee wa zamu alinionyesha saa mara mbili nikalazimika kuruka vipande. Nanyi mliokuwa kwenye mazishi kule Kajiado, someni polepole. Ujumbe huu ulinisumbua mimi kabla haujamsumbua mtu mwingine.

Nilianza kwa kuuliza: barafu inatajwa wapi katika Biblia? Kijana mmoja wa kwaya akasema Zaburi, na ni kweli, Zaburi ya 147 inasema juu ya barafu ya Mungu na baridi ambayo hakuna awezaye kusimama mbele yake. Lakini iko barafu nyingine, na iko mahali ambapo hukutarajia. Iko ndani ya malalamiko ya mtu kuhusu marafiki zake.

Fungua Ayubu sura ya 6, kuanzia mstari wa 14. Ayubu amepoteza mifugo, watumishi na watoto, na sasa ngozi yake imeharibika. Marafiki watatu wamekuja. Elifazi amemaliza kusema, na maneno yake ukiyasoma haraka ni mazuri tu, mtu angeweza hata kuyahubiri. Lakini Ayubu anajibu kwa uchungu. Anasema hawa ndugu zangu ni kama kijito. Wakati wa baridi kijito kimejaa, maji yake ni meusi kwa barafu, theluji imejificha ndani. Jua likipanda, kinatoweka. Misafara ya Tema inaacha njia yake kukitafuta, wafanyabiashara wa Sheba wanakuja na matumaini, wanafika, wanakuta mchanga. Wanaona aibu kwa sababu walikuwa wamekiamini.

Sisi watu wa Isinya hatuhitaji kamusi ya Biblia kuelewa hapo. Tunaijua mito yetu. Mwezi wa Nne unasimama ukingoni na gari na huwezi kuvuka, maji ya kahawia yanabeba matawi na viatu vya watu. Mwezi wa Tisa, mahali pale pale, unakuta akina mama wamechimba mchanga, wanateka maji kwa kikombe, na punda amesimama anangoja. Mto ni ule ule na jina ni lile lile. Tofauti ni kwamba siku ulipojaa, hakuna aliyekuwa na kiu.

Halafu unafika mstari wa 21, ambao niliusoma miaka mingi bila kuuona. Ayubu hawaambii marafiki zake kwamba wanamchukia. Anawaambia mmeona jambo la kutisha, mkaogopa. Kumbe kilichoukausha ule mto ni hofu. Shika hapo, tutarudi.

Sasa nitoe ushuhuda, na si ushuhuda wa ushindi.

Mwaka 2009 nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, nasomea biashara. Rika langu mnaukumbuka ukame ule. Mizoga ya ng'ombe ilikuwa imelala pande zote za barabara ya Namanga, na harufu iliingia ndani ya matatu hata mkifunga madirisha. Nilikuwa na rafiki wa upande wa Ilpolosat. Sitamtaja jina kwa sababu mama yake anajulikana na wengi wenu. Tulisoma pamoja tangu darasa la nne, tukigawana dawati na, wiki zingine, soksi. Baba yake alikuwa na ng'ombe zaidi ya 60. Mvua iliporudi walikuwa wamebaki 4.

Rafiki yangu alikuwa katika chuo kidogo mjini, amebakisha mtihani wa mwisho. Alihitaji Sh7,000 za kujiandikisha. Alinipigia simu siku ile ile pesa yangu ya HELB ilipoingia, Sh18,000. Nikamwambia, nitakupigia jioni. Jioni sikupiga. Si mnajua ile "nitakupigia"? Wiki hiyo tulikuwa tumefundishwa jinsi benki inavyompima mkopaji: tabia yake, uwezo wake wa kulipa, mtaji alio nao, dhamana anayoweka, na hali ya uchumi inayomzunguka. Nikakaa juu ya kitanda cha hosteli nikampima rafiki yangu. Kwa tabia, amepita. Vingine vyote vinne, ameanguka. Nikajiona msomi kweli kweli. Simu ikaendelea kulia siku mbili. Nilikuwa naitazama ikitetemeka juu ya meza mpaka inanyamaza. Baada ya hapo haikulia tena. Mwezi uliofuata nilinunua simu mpya.

Hakufanya ule mtihani. Alikuwa askari wa geti Nairobi, kisha Dubai, na mwishowe akapata njia ya kwenda Kanada. Hayo niliyasikia kwa watu. Mimi nikaendelea, nikaitwa katika huduma, na nimehubiri juu ya upendo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Mwezi wa Pili mwaka jana, ushirika wa Waafrika Mashariki wanaoishi Calgary ulimwalika Baba Askofu, naye akanichukua nimbebee mkoba. Pale uwanja wa ndege, kati ya waliokuja kutupokea, nikaona mtu mrefu mwenye koti jeusi ameshika karatasi yenye jina langu. Alikuwa yeye. Alikuwa ameliona jina langu kwenye tangazo la mkutano, akawaomba wenyeji wamwachie kazi ya kutuendesha.

Alituendesha wiki nzima. Aliniita Pasta, alinicheka nilivyovaa soksi tatu tatu, na hakusema neno juu ya 2009. Nami sikusema. Anafanya kazi ya usiku katika kiwanda cha nyama nje ya mji, mahali panapopita maelfu ya ng'ombe kwa siku. Aliniambia Mungu ana ucheshi wake, mtoto aliyebakiwa na ng'ombe 4 sasa anahesabu ng'ombe mpaka anaota. Alicheka. Mimi nilitazama dirishani.

Jumanne ilikuwa siku yake ya kupumzika. Akasema, "Pasta, huwezi kuja huku urudi Isinya bila kuteleza." Ukingoni mwa mji, kando ya barabara kuu iendayo milima ya Rocky, kuna kilima ambacho Calgary ilikitumia kwa Olimpiki ya majira ya baridi ya 1988. Siku hizi watu wa kawaida huenda hapo na watoto wao, kama sisi tunavyoenda nyama choma. Unafunga mbao mbili ndefu miguuni, unashika fito mbili, unashuka.

Lakini siku hiyo haikuwa ya kawaida. Calgary ina upepo unaoitwa Chinook. Unashuka kutoka milimani ukiwa wa joto na mkavu, na kwa saa chache unaweza kupandisha joto kwa digrii 20 na zaidi. Jumapili tulitoka kanisani na masweta tu, theluji inayeyuka, maji yanatiririka barabarani. Jumatatu usiku upepo ukakoma na baridi ikarudi, hasi 14. Yale maji yote yaliyokuwa yameingia ndani ya theluji yakaganda. Asubuhi kilima kilikuwa kinang'aa kama sakafu ya benki.

Viatu vyenyewe, wapendwa, ni kama umemwagiwa simiti mguuni. Nilitembea kama kuku aliyefungwa. Rafiki yangu alichukua mbao zangu akazigeuza. Kila ubao una ukingo mwembamba wa chuma pande zote mbili. Theluji ikiwa laini, huo ukingo hauna kazi kubwa. Kwenye barafu ndio unaokushika. Akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya chuma, polepole, kuona kama kinakwangua. Nilimkumbuka marehemu baba yake akijaribu sime yake vivyo hivyo. Akaomba zipigwe tupa kidogo kabla hatujatoka.

Somo la kwanza lilikuwa mahali pafupi, watoto wa miaka minne na mitano wakinipita pande zote. Ncha za mbele za mbao zinakaribiana, visigino vinatanuka. "Tengeneza sambusa, Pasta. Sambusa kubwa, unasimama. Sambusa ndogo, unaenda." Kufikia saa tano nilikuwa natengeneza sambusa vizuri. Nikajiona nimehitimu. Nikasema twende juu, kwenye viti vinavyovutwa na waya. Akasema, "Leo ni barafu, tubaki hapa." Nikasisitiza. Kosa lilikuwa langu, naliandika ili asilaumiwe mtu mwingine.

Juu palikuwa pazuri. Mji wote unauonekana. Tukashuka kidogo, nikawa sawa. Halafu tukaingia sehemu yenye kivuli, na pale chini hakukuwa na theluji tena, palikuwa na kitu cha rangi ya kijivu kinachotoa sauti ya kukwaruza kama sufuria. Nikatazama chini. Hapo ndipo nilipokosea.

Mwili wa mwanadamu ukiona mteremko unajua jambo moja tu: rudi nyuma, egemea mlima. Hakuna anayefundishwa. Nikaegemea nyuma, na kule kuegemea ndiko kulikoniangusha. Alinieleza baadaye. Ukiegemea mlima, uzito unaondoka kwenye mguu wa upande wa bonde, ule ukingo wa chuma unaachana na barafu, ubao unalala bapa, na ubao uliolala bapa juu ya barafu hauna breki. Anayesimama kwenye barafu ni yule anayepeleka uzito wake upande wa bonde, upande ule ule anaouogopa. Kila kitu ndani yako kinakataa. Lakini chuma hakiumi barafu mpaka ukikandamize.

Nilianguka chali. Mbao zikafunguka miguuni kama zilivyoundwa. Nikadhani kwa kuwa nimeanguka basi yamekwisha. Kwenye theluji ukianguka unasimama. Kwenye barafu ukianguka ndio safari inaanza. Nikaenda, mgongo kwenye barafu, miguu mbele, kasi inaongezeka, glovu zinakwaruza tu. Niliita jina la Yesu, na sikuliita kwa ile sauti ya madhabahuni.

Rafiki yangu alikuwa juu yangu, nyuma. Nikamsikia akipita. Alinipita, wapendwa. Sekunde moja nilifikiri ameniacha. Alishuka kwa kasi mpaka chini yangu, akageuza mbao zake kukata mteremko, akakandamiza, barafu ikaruka kama cheche za kuchomelea vyuma. Akasimama pale kwa upana, nikamgonga kwa miguu yote miwili na uzito wangu wote, na uzito wangu mnaujua. Fito yake moja ilipinda. Mdomo wake ulipasuka ukatoka damu. Lakini hakusogea hata futi mbili.

Tulipopumua nikamwuliza mbona alinipita badala ya kunishika kutoka juu. Alikuwa anafuta damu na glovu. Akasema, "Ukiwa juu ya mtu anayeteleza, unaweza tu kumpigia kelele."

Bado tulikuwa na nusu ya mlima. Alinifunga mbao tena, akanigeukia, na akateremka kinyumenyume mbele yangu, sambusa yake nyuma mbele, mikono ameinyosha. "Niangalie mimi, usiangalie mji. Lete kifua kwangu." Kila nilipoogopa nikarudi nyuma, mbao zilianza kuponyoka, naye akasema, "Kwangu, kwangu." Tulitumia karibu saa nzima kwa mteremko ambao mtoto anaumaliza kwa dakika mbili.

Mama mmoja aliniambia baada ya ibada, "Mchungaji, hayo mambo ya theluji si yetu." Mama, ni yetu pia. Kushuka milima kwa kasi tunaye Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyelelewa Austria, aliyeiwakilisha Kenya Pyeongchang mwaka 2018. Na kabla yake tulikuwa na Philip Boit wa Eldoret, ambaye wazee wetu wanamkumbuka. Huyu alikuwa mkimbiaji wa mita 800, akapelekwa Ufini kujifunza. Tarehe 12 Februari 1998, kule Nagano, Japani, akawa Mkenya wa kwanza katika Olimpiki ya majira ya baridi. Mbio zake hazikuwa za kushuka mlima kama yangu. Zilikuwa kilomita 10, unapanda na kushuka kwa nguvu zako mwenyewe, na hali ya hewa ilikuwa mbaya, mvua na theluji iliyolowa. Bjørn Dæhlie wa Norwei alishinda kwa dakika 27 na sekunde 24. Boit alimaliza wa 92, wa mwisho, kwa dakika 47 na sekunde 25.

Fanya hesabu. Bingwa amemaliza, ana jasho, baridi inamwingia, na medali yake ya dhahabu inamngoja. Angeenda zake, nani angemlaumu? Lakini Dæhlie alibaki pale kwenye mstari dakika 20, sherehe ya medali ikangoja, mpaka yule Mkenya alipofika, akamkumbatia. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Nchini Kenya kuna kijana wa Kikalenjin mwenye jina la Mnorwei kwa sababu mtu mmoja hakuondoka.

Sasa turudi chini ya kilima. Tuliketi ndani, vikombe vya chokoleti ya moto mkononi, mdomo wake umevimba. Sikuweza tena. Nikamwambia, "Ile simu ya 2009, niliiona."

Akasema, "Najua. Nilipiga mara 11."

Miaka yote hiyo anajua idadi. Alikuwa amesimama hapa hapa, stendi ya Isinya, na salio la kuombaomba. Hakuniambia "hakuna shida, Pasta." Aliniambia iliniuma. Aliniambia kukosa mtihani hakukumuuma kama kusikia simu inaita mpaka mwisho, akijua upande wa pili kuna mtu anaitazama. Tukanyamaza. Halafu akasema, "Lakini ulikuwa unaogopa. Ulifikiri nitakuvuta."

Mstari wa 21, wapendwa. Mtu ambaye hajawahi kusimama madhabahuni alinihubiria mstari wa 21 bila kufungua Biblia.

Nilitoa pochi. Nilikuwa na dola 100, zaidi ya ile Sh7,000 ya wakati huo. Akazisukuma. "Hiyo ilikuwa ya 2009. Na hata wakati huo, nilikuwa nimeshaanza kuelewa kwamba huna. Nilitaka ushike simu useme huna." Kisha akaongeza, "Mama yangu yuko pale pale Ilpolosat. Hujawahi kwenda kumwamkia."

Angalia Ayubu anavyosema katika mstari wa 22 na 23. Anawauliza marafiki zake: je, niliwaambia nipeni kitu? Niliwaomba mtoe mali yenu kwa ajili yangu? Hakuomba pesa! Wao walikuja wameshashika mifuko yao, kumbe mwenyewe alitaka mtu wa kukaa naye bila kumwogopa.

Nasema hivi kwa sababu ya hapa kwetu. Nimezunguka kwenye nyumba zenu. Kuna ndugu aliyeuza shamba lote, pesa ikaisha, na wale waliokuwa wakimwita mheshimiwa sasa wanavuka barabara wakimwona. Kuna dada ambaye duka lake Kitengela lilifungwa, mikopo ya simu imemzingira, akatoka kwenye kundi la WhatsApp la akina mama na hakuna aliyeuliza kwa nini. Kuna kijana aliyeingia kwenye kamari ya mpira. Kuna aliyetoka jela. Tunawaombea kwa sauti kubwa sana, tukiwa juu ya mteremko. Wao wako chini wanateleza, na sisi tumeegemea mlima.

Na hatuwachukii. Tunaogopa. Tunaogopa ataomba. Tunaogopa kuonekana naye. Tunaogopa kwa sababu, tukisema ukweli, sisi wenyewe tuko hatua mbili tu kutoka pale alipo.

Wale wa biashara wenzangu wataniuliza: Mchungaji, unataka tutie sahihi kila fomu ya udhamini? Hapana. Mithali sura ya 6 inaonya vikali juu ya kuwa mdhamini, na mimi kama mtu niliyeona vitabu vya vyama vya akiba naunga mkono. Rafiki yangu hakujitupa chini ya mlima kwa hisia. Alikuwa na miaka ya mazoezi, na chuma chake kilikuwa kimenolewa asubuhi ile. Mtu asiye na ukingo akienda kusimama chini ya anayeteleza, wanakuwa wawili wanaoteleza. Ukijua huna, sema huna. Ukijua huwezi kudhamini, kataa ukimtazama usoni, halafu baki. Kukataa na kubaki, hilo linawezekana. Mimi nilikataa kwa kunyamaza, na kunyamaza kule ndiko kulikokausha mto.

Lakini pia usijifiche nyuma ya hekima. Mimi nilikuwa na hekima yote ya darasani, zile nguzo tano, na hakuna hata moja iliyokuwa mbaya. Ubaya ni kwamba nilizitumia kama mlima wa kuegemea.

Kuna mahali Injili yote iko kwenye ule mteremko. Mungu angeweza kubaki juu akatupigia kelele, na angekuwa na haki. Paulo anawaandikia Wafilipi, sura ya 2, kwamba Kristo alishuka, na akaendelea kushuka, mpaka kifo, tena kifo cha msalaba. Alitupita. Mnajua siku ile ya msalaba wanafunzi walifikiria nini? Walifikiria ametuacha. Kumbe alikuwa anakwenda kusimama upande wa chini, mahali ambapo uzito wetu wote ungemgonga yeye. Ukiteleza leo, katika dhambi, katika deni, katika lile jambo ambalo hujamwambia hata mke wako, huanguki kwenda mahali asipokuwepo. Lete kifua kwake.

Nirudi kwa mama wa Ilpolosat, maana wengi mliniuliza. Nilirudi Kenya Machi. Nilikwenda kwake Juni. Miezi mitatu, na bodaboda kutoka hapa kanisani haichukui hata saa moja. Kila wiki nilikuwa na sababu, na sababu zote zilikuwa za kihuduma. Siku niliyokwenda nilisimama nje ya boma muda mrefu kuliko nilivyosimama juu ya ile barafu. Nikasema, "Yeyo, ni mimi." Nikainamisha kichwa kama tulivyokuwa tukifanya utotoni, akakigusa. Akasema, "Umenenepa." Akaingia ndani kupika chai. Hakutaja mtihani, wala simu. Sijui kama aliambiwa. Alinionyesha picha ya mwanawe kwenye theluji, ameinua fito moja iliyopinda, akaniuliza kama ninajua ni kitu gani kile. Nilimweleza.

Jumapili, mahali pa wito wa kawaida, niliomba kila mtu atoe simu yake. Niliwapa dakika tano mpige, au mwandike, kwa yule ambaye simu yake mliitazama ikilia. Wengine mlitoka nje, mkasimama chini ya miti na pale kwenye maegesho. Najua wengine hamkushikiwa. Hiyo ni haki yao, na msipige mara 11. Andikeni ujumbe mmoja wa kweli, bila mstari wa Biblia ndani yake, mngoje.

Kwa wale ambao mtu wenu hana simu, au mnaogopa kwenda peke yenu: Jumatano jioni, kuanzia saa kumi na moja, niko ofisini kwa kanisa. Sitahubiri. Pikipiki ya kanisa ina mafuta na tutakwenda pamoja, iwe Ilpolosat, Kitengela, Konza, popote. Nitangoja nje ukitaka.